Tuhuma si ushahidi

Mwaka 1991 makundi ya mbwa mwitu yaliyokuwa yakichunguzwa na watafiti huko Serengeti yalitoweka. Mwaka 1992, katika jarida la Nature, mtafiti Roger Burrows aliulaumu utafiti wenyewe: kwamba kuwalaza wanyama hao kwa dawa, kuwavisha kola za redio na kuwachanja kuliwadhoofisha, ndipo kichaa cha mbwa kikawamaliza.

Tuhuma hiyo ilipimwaje? Kumbukumbu zilifunguliwa: mbwa yupi alishikwa, lini, na alitoweka lini. Wengine wakatazama hifadhi ya Kruger, Afrika Kusini. Huko mbwa walioshikwa hawakufa upesi kuliko wenzao. Tuhuma ikakosa nguvu.

Burrows hakudai kwamba mtu alidanganya. Lakini chuo kikuu kikiambiwa kwamba mtafiti wake amebuni takwimu, nacho hurudi kwenye kumbukumbu. Madaftari na madodoso huhifadhiwa yasiguswe. Jopo lisilo na urafiki wala ugomvi na mtuhumiwa humsikiliza, kisha hutenganisha kosa la bahati mbaya na uongo wa makusudi.

Na shahidi mwingine ni wewe. Dodoso likisema mkulima wa Tarime alihojiwa kuhusu chanjo ya mbwa wake, aendewe, aulizwe: walifika kwako kweli?

Mimi naona uzito wa jambo hili uko hapo. Karatasi ikisema uongo kwamba mbwa wa kijiji wamechanjwa, atakayelipa ni mtoto atakayeumwa.