Elimu Inayoshuka Stesheni ya Bukene
Sehemu ya Tatu: Deni la Chuo Kikuu

Wasomaji waliofuatana nami tangu sehemu ya kwanza watakumbuka kwamba tulimwacha mfanyabiashara Mwarabu Snay bin Amir barazani kwake Kaze, karibu na Tabora ya leo, Novemba 1857, akiwakirimu Waingereza wawili waliofika kutoka pwani hoi kwa homa. Wiki hii nilikusudia tushike njia ya kaskazini, ile iliyotoka Unyanyembe ikakatiza nchi za Nzega kuelekea ziwani. Lakini habari mbili zimenisimamisha.

Ya kwanza ni ya kampasi. Kwa mradi wa HEET, wa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425, vyuo vikuu vyetu vinajenga mikoani. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa mfano, kinajenga Kagera na Lindi. Ya pili ni ya darasani. Mtaala mpya unaotekelezwa kwa awamu tangu 2024 umeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili, nalo linafundishwa kwa Kiswahili. Habari zote mbili ni njema, na zote mbili zinaniuliza swali ambalo limenikaa kichwani kwa miaka mingi: maarifa yaliyoko chuo kikuu yanamfikiaje mwalimu wa Bukene, wilayani Nzega, na maarifa yaliyoko Bukene yanafikaje chuo kikuu?

Nusu ya pili ya swali hilo ndiyo husahauliwa, na kisa cha Snay ndicho kinachoifunua. Basi turudi kwanza Kaze.

Wakati ule, wasomi wa Ulaya waliijua bara yetu kwa ramani iliyochapishwa mwaka 1856. Ilichorwa na mmisionari Erhardt, ambaye pamoja na mwenzake Rebmann alikusanya habari za wasafiri akiwa pwani. Ndani yake mlikuwa na ziwa moja kubwa mno, lililojipinda kutoka kusini hadi kaskazini, na London watu walilicheka umbo lake. Burton na Speke, Waingereza wale wawili, walitumwa kwenda kulitafuta ziwa hilo. Walipofika Kaze, Snay aliwasikiliza, kisha akawasahihisha: maziwa ni matatu. Kuna Nyasa kusini, kuna ziwa la Ujiji magharibi, na kuna Nyanza kaskazini, kila moja na maji yake. Hakusema kwa kubahatisha. Yeye mwenyewe alikuwa amefika hadi Buganda, alikijua Kinyamwezi, na kila msafara uliopita Unyanyembe ulipumzika ukamwachia habari. Mtu huyu aliyeanza maisha kwa kuuza halua Muscat alikuwa, kwa jiografia ya sehemu hii ya dunia, amewapita maprofesa wote wa Ulaya.

Tarehe 9 Julai 1858 Speke aliondoka Kaze kuelekea kaskazini, pamoja na mkalimani wake Sidi Mubarak Bombay, askari Wabaluchi na wapagazi wa Kinyamwezi, akifuata habari alizopewa. Haukupita mwezi akawa amelifikia ziwa, likapewa jina la malkia wa Uingereza. Burton alibaki Kaze akiandika msamiati wa lugha zetu, na mwalimu wake alikuwa Snay huyo huyo. Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kilimpa Burton nishani ya dhahabu mwaka 1859, na Speke mwaka 1861. Bombay alingoja hadi miaka ya 1870 kupata ya fedha. Snay hakungoja kitu, maana aliuawa katika vita dhidi ya mtemi Manwa Sera.

Simpambi Snay. Utajiri wake ulitokana na pembe za ndovu na watu waliofungwa minyororo, na anayeisimulia njia hii bila kuitaja minyororo hiyo anadanganya watoto. Ninachosema ni kwamba maarifa yalichukuliwa Kaze, yakapigwa mhuri London, na yakarudi kwetu baada ya miaka mingi kama somo la kukariri: nani aligundua Ziwa Victoria?

Na Snay hakuwa peke yake. Mpagazi wa Kinyamwezi aliyebeba frasila mbili begani alijua visima vya njia nzima, alijua mtemi yupi anadai hongo kubwa, na alijua pori lipi halina maji kiangazi. Burton mwenyewe aliandika kwamba watoto wa Unyamwezi walianza kuzoezwa wakiwa wadogo, wakibeba vipembe vidogo kabla ya kufikia umri wa mizigo. Hayo yalikuwa mafunzo, yenye ngazi zake, yenye walimu wake, na yenye mtihani usiokubali udanganyifu, kwani aliyefeli alibaki porini. Kirangozi aliyetangulia mbele ya msafara alikuwa mhitimu wa mafunzo hayo. Mpaka leo hatujampa hata sura moja ya heshima katika vitabu vya shule.

Sasa turuke miaka mia moja.

Mwaka 1960 Chuo cha Makerere kilifungua Dar es Salaam sehemu ya masomo ya nje ya chuo. Baada ya Uhuru ikawa chini ya Chuo Kikuu kipya cha Dar es Salaam, na ndiyo iliyokuja kuwa Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima. Nataka msomaji aliangalie jambo hili vizuri. Chuo Kikuu chenyewe kilianza Oktoba 1961 katika jengo la TANU, mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi 14 wa sheria. Kabla nchi haijawa na shahada hata moja ya kwake, kazi ya kuwafundisha watu walio nje ya chuo ilikuwa imekwisha anza. Siku hizi tunaiita huduma kwa jamii na kuiweka ya tatu, baada ya kufundisha na utafiti, kama makombo ya karamu.

Kilele cha kazi ile kilikuwa kampeni za redio. Mwaka 1970 kulikuwa na Uchaguzi ni Wako. Mwaka 1971, nchi ilipotimiza miaka kumi ya Uhuru, ikaja Wakati wa Furaha, na somo lake lilikuwa historia ya taifa; watu wapatao 20,000 walishiriki. Kisha mwaka 1973 ikaja Mtu ni Afya. Hiyo ilishirikisha watu wapatao milioni mbili, wakiongozwa na viongozi wa vikundi wapatao 75,000 waliofundishwa kazi hiyo.

Tuingie ndani ya kikundi kimoja tuone kilivyokwenda. Watu wameketi chini ya mti au darasani baada ya kazi za shamba. Redio iko katikati. Kipindi cha Redio Tanzania kinapoanza, wote wananyamaza. Kikiisha, kiongozi anafungua kitabu, na anayejua kusoma anawasomea wenzake sura ya juma hilo: malaria, au kichocho, au kuhara, au kifua kikuu. Baada ya hapo unafunguliwa mjadala, na hapo ndipo kazi yenyewe ilipokuwa. Kiongozi hakuruhusiwa kuhutubia. Aliuliza: je, hapa kwetu ugonjwa huu upo? Unatokana na nini? Tufanye nini? Kikao hakikuvunjika bila uamuzi: bwawa fulani lifukiwe, fulani na fulani wachimbe vyoo, Jumamosi wote wafyeke. Juma lililofuata waliulizana kama imefanyika. Kampeni ilichukua majuma kumi na mawili, na vyoo vilichimbwa nchi nzima. Watu walivaa hata vitambaa vilivyochapwa jina la kampeni.

Tazama vitu vilivyotumika: redio, kitabu chembamba cha Kiswahili chepesi, mtu wa hapo hapo aliyefundishwa siku chache, na kikundi chenye desturi ya kuamua. Hapakuwa na semina hotelini wala posho ya kikao. Kisomo nacho kilisonga mbele: kwa hesabu za serikali, watu wazima wasiojua kusoma walikuwa takriban asilimia 67 mwaka 1967, na kufikia 1986 walibaki chini ya asilimia 10. Hata ukizipunguza hesabu hizo kwa shaka zote unazotaka, bado ni kazi ya kutisha.

Mwaka 1975 Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ilitenganishwa na Chuo Kikuu kwa sheria, ikawa shirika la kujitegemea. Wengi waliona ni kukua. Mimi naona Chuo Kikuu siku ile kilikatwa mguu, kikabaki kimekaa kilimani kikiandika.

Na wasomi, wa hapo na wa ng'ambo, waliandika kwelikweli, tangu kabla ya siku ile! Mwaka 1968 Andrew Roberts alihariri kitabu cha historia ya Tanzania kabla ya 1900, na yeye mwenyewe akaandika sura ya Wanyamwezi. Mwaka 1969 wanahistoria Kimambo na Temu walitoa historia ya Tanzania ambayo wasomi wanaitegemea hadi leo. Norman Bennett alitoa kitabu kizima kuhusu mtemi Mirambo mwaka 1971. Mwaka 2006 Stephen Rockel aliwaandikia wapagazi wetu kitabu kikubwa, cha kuwatoa katika picha ya punda wa mizigo na kuwaonyesha kama wafanyakazi wenye ujuzi, umoja na hata migomo. Vitabu vyote hivyo ni vya Kiingereza. Mwalimu wa Bukene, ambaye sasa anatakiwa afundishe historia kwa Kiswahili, na ambaye shule yake huenda imejengwa juu ya nyayo za wapagazi hao hao, hana hata kurasa kumi za kumweleza mtoto nini kilipita hapa.

Siyo kwamba Chuo Kikuu hakikujua namna nyingine. Mwaka 1968 na 1969 wanafunzi wake, wakiongozwa na wanahistoria Gwassa na Iliffe, walikwenda vijiji vya kusini wakakaa na wazee na kuandika kumbukumbu zao za vita vya Maji Maji. Kwa mara moja Chuo Kikuu kilikwenda kwa mwananchi kama mwanafunzi. Lakini hata pale, karatasi zilizotoka humo zilikusanywa na kutolewa kwa Kiingereza. Mzee aliyesimulia hakuweza kusoma alichokisema mwenyewe. Ni yale yale ya Kaze.

Kwa upande wa leo nitasema machache, nafasi imenibana. Hatuna njaa ya njia. Chuo Kikuu Huria, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kinamfuata mwanafunzi mkoani kwake, na walimu wengi wamepata shahada humo bila kuacha chaki. Chuo hicho kimeshiriki pia mpango wa TESSA, uliotoa bure masomo ya kumsaidia mwalimu kazini, yakiwemo ya Kiswahili. Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba ya mtandaoni, na mpango wa MEWAKA unawakutanisha walimu shuleni kwao wajadili ufundishaji. MEWAKA inanipa moyo kuliko vyote, kwa kuwa ina kile kikundi cha 1973 ndani yake. Kilichopungua ni kitu cha kuweka katikati ya kikundi. Mwalimu hununua bando kwa fedha yake, anapakua faili la kurasa mia mbili, anakuta ni la nchi nzima, na Nzega imetajwa mara moja, tena kwa pamba.

Nina mapendekezo matatu, na nimeyasema kabla, nitayasema tena. Kwanza, kila tasnifu inayohusu wilaya fulani irudi wilayani kama kijitabu cha Kiswahili chepesi, kurasa ishirini hivi, kilichochapwa, kiwekwe kituo cha walimu. Mwanachuo asivae joho kabla hajakikabidhi. Pili, mhadhiri anayeomba kupandishwa cheo ahesabiwe kijitabu hicho sawa na makala ya jarida la ng'ambo. Tukiendelea kumlipa mtu kwa kuwaandikia wageni tu, tusishangae akiwaandikia wageni. Tatu, mzee anayehojiwa aandikwe jina akikubali, na nakala ya sauti yake ibaki kijijini kwake. Kumwita "mtoa habari namba saba" ni kumfanya Snay mwingine.

Wapo watakaosema karatasi zimepitwa na wakati. Nawajibu: tangu mwaka 1928 reli imefika hadi Mwanza, na Bukene ni stesheni yake. Sanduku la vijitabu mia mbili linaweza kupakiwa Dar es Salaam na kushushwa Bukene pamoja na mizigo mingine, bila bando wala nywila. Gharama yake haifiki bili ya chai ya semina moja ya kuhamasisha matumizi ya teknolojia. Tukiamua kutolifanya jambo hili, tuseme wazi ni uvivu, tusiusingizie umaskini.

Kampasi na zijengwe, hilo silipingi. Lakini kampasi ikifika mkoani huku wenyeji wakiiona kupitia uzio tu, tutakuwa tumehamisha kilima. Elimu ya juu inalipiwa na mkulima wa mpunga wa mbuga za Nzega ambaye hatakanyaga ukumbi wa mihadhara. Anadai riba ya fedha yake, na riba hiyo ni maarifa yanayomrudia kwa lugha anayoisema.

Wiki ijayo tutarudi njiani, tumfuate Manwa Sera na vita vyake na wafanyabiashara wa Unyanyembe. Wakati huo huo, walimu wa Bukene, Itobo na Mambali, msikisubiri chuo kikuu. Likizo hii mpeni kila mwanafunzi daftari, amwendee babu au bibi mmoja, aandike anachokumbuka kuhusu njia za zamani, visima na masoko. Andikeni jina la msimulizi juu ya kila ukurasa, na nakala moja ibaki shuleni. Mhadhiri atakapokuja na kalamu yake, mkabidhini nakala, na mmdai kijitabu.