Mkanda wa Kijani Kasulu na Kibondo: Mstari Kati ya Mji, Maji na Pori

Katika ramani za mipangomiji, mkanda wa kijani ni ardhi iliyotengwa kandokando ya mji au ndani yake ili isijengwe: msitu, bonde, malisho, mashamba, au chanzo cha maji pamoja na miti inayokizunguka. Wengi hulichukulia jambo hili kuwa la mandhari na hewa safi. Kwa mkazi wa Kasulu au Kibondo linahusu chemchemi anayochota, mbu wanaomuuma usiku, mbung'o wanaomuuma mchana, na bustani ya mboga inayolimwa bondeni wakati wa kiangazi ili watoto wapate kitoweo. Mstari huo ukichorwa vibaya, mojawapo ya hayo huharibika, na mara nyingi wa kwanza kuliona tatizo ni mhudumu wa zahanati.

Nyanda hizi za juu zimekwisha kuchorewa mstari kwa jina la afya. Ugonjwa wa malale ulipoenea magharibi mwa Tanganyika katika miaka ya 1920, serikali ya kikoloni, kwa ushauri wa madaktari wake wa malale akiwemo Dkt. George Maclean, iliamua kuwakusanya watu waliotawanyika porini katika makazi ya pamoja. Katika miaka ya 1930 hatua hiyo ilifika Buha, yaani Kasulu na Kibondo. Hoja yake kitabibu haikuwa ya kipuuzi. Mbung'o huhitaji kivuli cha vichaka na damu ya wanyama. Kaya nyingi zikilima mahali pamoja, vichaka hufyekwa, wanyamapori husogea mbali, na mbung'o hupungua. Tena mgonjwa aliye karibu na wenzake hugunduliwa mapema kuliko aishiye peke yake mwendo wa siku mbili kutoka kwenye dawa.

Gharama ya hatua hiyo, hata hivyo, haikuandikwa kwenye ramani. Kaya ziliacha migomba, makaburi, na mashamba yaliyorutubishwa kwa vizazi. Ziliacha pia ardhi iliyokuwa chini ya wateko, watunzaji wa ardhi kwa mila za Waha, ambao walijua mahali pa kulima, mahali pa kuacha, na kijito gani kisiguswe. Nyuma yao pori lilirudi, na pamoja na pori wanyama na mbung'o wao. Watu waliambiwa kwamba wanaondolewa kwa ajili ya afya yao, na kwa sehemu ilikuwa kweli. Lakini hakuna aliyewauliza ni nini kingine kilichokuwa kikiwaweka hai mahali pale.

Wala Buha haikuwa peke yake. Huko Dar es Salaam, kati ya Uhindini na Kariakoo, Waingereza waliacha ukanda usiojengwa ambao leo ni viwanja vya Mnazi Mmoja, na sababu iliyotolewa ilikuwa kuzuia maradhi. Uhalisi wake ulikuwa kutenganisha watu kwa rangi. Uingereza kwenyewe mkanda wa kijani ulipewa maana nyingine: sheria ya mwaka 1938 ya London na mikoa jirani, kisha waraka wa serikali wa mwaka 1955 kwa miji mingine, vilikusudia kuuzuia mji usiimeze mashamba na vijiji. Rangi ni ileile kwenye karatasi, lakini makusudio yanapishana sana, na ndiyo maana mtaalamu wa afya anapaswa kuuliza kila mara: mstari huu unamlinda nani, na dhidi ya nini?

Katika Kasulu na Kibondo za leo, swali limegeuka. Zamani mstari uliwalinda watu dhidi ya pori. Sasa ni pori na maji vinavyohitaji kulindwa dhidi ya mji unaopanuka. Idadi ya watu mkoani Kigoma ilipanda kutoka 2,127,930 katika sensa ya mwaka 2012 hadi 2,470,967 mwaka 2022. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa wakimbizi kutoka Kongo, na kuanzia mwaka 2015 wakimbizi wa Burundi waliongezeka humo na katika kambi ya Nduta iliyopo Kibondo. Kila kaya, ya mwenyeji na ya mkimbizi, inapika, na wengi wanapika kwa kuni au mkaa. Barabara inayounganisha Kibondo na Kasulu nayo inavuta viwanja na maduka kandokando yake. Mji wa mlimani kwanza hujaa juu ya kilima. Kilima kikijaa, nyumba hushuka mteremko kuelekea bondeni, na vyoo vya shimo hushuka pamoja nazo.

Hapo ndipo sheria inapoingia. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito, maziwa na vyanzo vingine vya maji. Sheria ya Mipangomiji ya mwaka 2007 inaziwezesha halmashauri kuandaa mpango kabambe na kutenga maeneo ya wazi. Mita 60 ni kinga nzuri ya kuanzia, lakini si duara la uchawi: chemchemi hulishwa na maji ya mvua yaliyozama juu ya mteremko, na choo kilicho mita 100 juu yake katika udongo uliopasuka chaweza kuichafua. Kuhara, homa ya matumbo na, wakati wa mlipuko, kipindupindu hufuata njia ya maji. Havisomi vipimo vya bikoni. Mkanda wa kijani wa miji hii ungefaa kwa hiyo kufuata umbo la mabonde na mapito ya maji, hata kama mchoro wake utaonekana kama mkono wenye vidole vingi. Mviringo mzuri uliochorwa kuuzunguka mji hautazilinda chemchemi zilizo ndani yake.

Kuna sababu ya pili ya kuyalinda mabonde, nayo haijulikani sana. Utafiti uliofanyika katika nyanda za juu za kusini-magharibi mwa Uganda na kuchapishwa mwaka 2000 ulilinganisha vijiji vilivyo karibu na mabwawa ya asili yenye mafunjo na vile vilivyo karibu na mabwawa yaliyolimwa. Penye kilimo joto lilikuwa juu zaidi, na mbu wa malaria pamoja na maambukizi vilielekea kuwa vingi zaidi. Maelezo yake yanaeleweka: mbu aenezaye malaria hupenda vidimbwi vidogo vinavyopigwa na jua, kama vile vinavyobaki kati ya matuta na mifereji, ilhali mafunjo mazito huweka maji kivulini. Imani ya kale kwamba kila bwawa ni adui na kila kichaka kifyekwe haisimami mbele ya ushahidi huu. Bonde lililoachwa na mafunjo yake laweza kuwa salama kuliko bonde lililosafishwa.

Hali ni tofauti upande wa miombo. Mashariki ya Kibondo ipo Moyowosi, sehemu ya ardhioevu ya Malagarasi-Muyovozi iliyoingizwa katika orodha ya Ramsar mwaka 2000, na huko wanyamapori na mbung'o wapo. Malale ya aina ya rhodesiense, yapatikanayo Afrika Mashariki, hukaa katika miili ya wanyamapori na ng'ombe, na Kibondo na Kasulu ni miongoni mwa maeneo yanayojulikana kwa ugonjwa huu nchini. Ukanda wa msitu unaoungana moja kwa moja na hifadhi hadi kwenye nyumba za mwisho za mji hauna budi kuwekewa mashamba ya wazi kati yake na makazi, na ng'ombe wanaochungwa ukingoni kuogeshwa dawa ya mbung'o. Kijisitu cha bondeni kilichozungukwa na watu, kisicho na wanyama wakubwa, hakina hatari hiyo. Kuyachanganya mambo haya mawili kumewafanya baadhi ya watu kufyeka miti ya chemchemi kwa hofu ya mbung'o asiyekuwepo.

Kazi ya kuchora yenyewe huanza na picha ya setilaiti, lakini picha haijui nani analima wapi. Wapimaji hutembea na vifaa vya kunasa majira ya nukta, wakiandamana na viongozi wa mtaa au kitongoji, wakiweka alama kwenye chemchemi, mapito, makaburi na mashamba. Zahanati ina ramani yake isiyochorwa, nayo ni rejesta ya wagonjwa. Ikiwa wagonjwa wa kuhara wanatoka kitongoji kimoja kila masika, afisa mipangomiji anastahili kulijua hilo kabla hajapaka rangi. Anastahili pia kujua jina la anayelima bustani ya bondeni. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka anayeondolewa alipwe fidia kamili, ya haki na kwa wakati. Fidia ikikosekana, mwenye shamba atarudi. Mabonde ya Msimbazi jijini Dar es Salaam yalikwishatajwa kuwa hatarishi katika mpango kabambe wa mwaka 1979, lakini watu walijenga, na mafuriko ya Desemba 2011 yakawakuta humo. Rangi ya kijani bila bikoni, bila fidia na bila mahali pengine pa kuishi ni rangi tu.

Miti ya kupanda nayo ichaguliwe kwa busara. Mikaratusi hukua upesi na hufaa kwa kuni, ila hunywa maji mengi. Mahali pake ni mlimani, mbali na chemchemi. Mkuyu ndio wa kandokando ya maji. Mashamba ya kuni yaliyo karibu na makazi yana faida nyingine ya kiafya: yanampunguzia mwanamke safari ya kwenda msituni, ambako mbung'o wapo na ambako wanawake wa kambini na wenyeji wamewahi kushambuliwa.

Kwa mhudumu wa afya, sehemu kubwa ya kazi hii ni swali moja la ziada: mgonjwa ametoka wapi, na hufanya kazi wapi? Mrina asali, mvuvi wa Malagarasi, mchungaji au mkata mbao mwenye homa na kichwa kisichopona asirudishwe nyumbani kwa sababu tu kipimo cha haraka cha malaria hakikuonyesha kitu. Kipimo hicho hakitambui malale kabisa. Damu yake itazamwe kwa hadubini, na ngozi itazamwe kama ina kidonda palipoumwa. Mgonjwa naye aseme bila kuficha kwamba alikuwa porini, hata kama ni ndani ya hifadhi: daktari anatafuta vimelea, hatafuti kosa. Malale haya yasipotibiwa huua, mara nyingi ndani ya miezi. Kwa muda mrefu hatua ya pili ilitibiwa kwa melasoprolo, dawa ya sindano yenye aseniki ambayo yenyewe iliweza kumdhuru mgonjwa. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza feksinidazoli, vidonge vinavyomezwa pamoja na chakula kwa siku 10, kwa wagonjwa wa kuanzia miaka 6 wenye uzito usiopungua kilo 20. Jina la kitongoji na la pori alikotoka mgonjwa viandikwe katika rejesta siku hiyohiyo.