Mama wa kambi na kaye yake

Kolwezi. – Jumamosi iliyopita tulizika mama mmoja wa kambi yetu. Kanisa ilijaa mpaka inje: mama wakatolika na vitambaa vyao, korali, wazee waliotoka kazi zamani, hata vijana wanaochimba kwa mikono, ambao kanisani hawaingiake sana. Jina lake hatuliandike hapa. Watoto wake waliomba hivyo, juu kilio kingali moto. Lakini watu wa kwetu wamekwisha kumutambua.

Alizaliwa wakati wa Union Minière. Baba yake alishuka chini ya udongo, mama yake alipanga mustari ya posho na kikapo: unga, samaki, mafuta, kadiri ya watu wa nyumba. Kwa fuaye sosiali alijifunza kushona na kulisha mutoto vizuri. Wazazi wake walikuwa watu wa Jamaa, ile iliyoanza na Padri Placide Tempels pale Ruwe katika miaka ya 1950, ambamo bwana na muke wanatafuta kwanza umoja wao wawili. Toka kule alichukua desturi moja: hakuna mutu aliyepita mbele ya mulango wake bila kuulizwa, "Umekula?"

Aliolewa na mufanyakazi wa mugodi, akazaa watoto saba, akalea na watatu wa dada yake marehemu. Katika nyumba ya vyumba viwili. Ulizeni wale wanaojua nyumba za kambi.

Tulizoea kusema: kampani njo baba, njo mama. Halafu miaka ya 1990 ikakuja. Mushahara ulikawia mwezi, miwili, mitatu. Feza uliyopewa asubui, magaribi ilikuwa imepoteza nguvu. Baba zetu walikaa mbele ya nyumba na bote zao miguuni, wakingojea sirena. Mama yule hakungojea. Alilima mahindi mbali, akirudi na muzigo kichwani. Alipika munkoyo, akauzisha kando ya barabara. Na sisi, watoto wa kambi, tulijua: jua likishuka, kwake kuna sufuria ya uji. Hakuuliza wewe ni mutoto wa nani, wala baba yako anasali wapi.

Kazi yake ingine ilikuwa hopitali. Kila Ijumaa, na mama wa shirika yake, alienda kuosha wagonjwa wasio na ndugu. Alibeba sabuni, maji ya moto na bukari. Hakuna aliyemulipa. Mutu akikufa bila jamaa, yeye njo aliyezunguka nyumba kwa nyumba kuchangisha sanduku.

Hapa tuseme na kosa letu, juu kumusifu tu hakutoshe. Mwaka mumoja sisi wa sendika tulitayarisha maandamano ya mushahara. Tulitaka mama watangulie mbele, polisi wasitupige. Tukaenda kwake. Alitusikiliza mpaka mwisho, akatupatia munkoyo, kisha akasema: "Munatuita wakati ya kutembea. Wakati ya kuongea na bakubwa, hamutuitake." Akakatala. Tulirudi na hasira. Tulisema mama huyu ni wa kanisa tu, vita ya wafanyakazi haijui.

Siku ya tatu ya kilio, binti yake mukubwa akatuletea kaye ya masomo, ya karatasi za mistari, ilichakaa, na harufu ya moshi. Ndani yake, kwa biki, mwaka kwa mwaka: nyumba fulani, watoto watano, meka moja ya unga. Nyumba ingine, baba mugonjwa wa kifua, meka mbili. Mujane, amefukuzwa na ndugu za bwana, alale kwetu. Mwaka 2003, wakati wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Katanga walitoka kazini kwa ile waliyoita départ volontaire, kaye inajaa karatasi nyingi. Majina yetu wenyewe yamo. Mumoja wetu alikuta jina la mama yake, na meka moja, ambayo nyumbani hawakumuambia hata siku moja.

Tukafungua na régistre ya sendika. Mulikuwa namba ya kazi, jina la mwanaume, tarehe ya kuingia, tarehe ya kutoka. Hakuna muke. Hakuna mutoto. Zamani hata posho ilihesabu muke na watoto, hata kama ilikuwa kama vinywa tu. Sisi, tunaojiita watetezi, hatukuwahesabu kabisa. Njo maana mufanyakazi akikufa, mujane anakuja ku biro akilia, na sisi tunaanza kuulizana: huyu ni nani?

Kwa hiyo, ndugu wafanyakazi, tunaomba vitu viwili. Kila delege afungue kaye kwa kambi yake: jina la muke, ya watoto, ya wazee wanaolishwa na mushahara ule. Na siku ya kuongea na bakubwa, mama wakuwe na kiti mezani. Wao njo wanaojua bei ya meka.

Kaye tumeirudisha kwa binti yake. Ijumaa iliyopita alienda hopitali na sabuni na maji ya moto. Wawili wetu walibeba ndoo.

Mama, lala na amani. Tulichelewa kukusikia.