Nenosiri ni Sahihi, Mlango Haufunguki

Mwalimu mmoja mstaafu hapa Morogoro, mwenye duka la steshenari jirani na shule, aliniletea kompyuta yake ya mezani akiwa amechoka nayo kabisa. "Fundi, nenosiri ni hili hili, sijaligusa. Nimeliandika mpaka vidole vinauma. Barua pepe haifunguki, sasisho haliji, na watoto wamepanga foleni wanataka kuchapiwa fomu." Nikaiwasha, nikatazama pembeni chini ya skrini. Tarehe ilisomeka Januari 2016.

"Mwalimu, nenosiri lako halina kosa. Saa ndiyo mbovu."

Ndani ya kompyuta ya mezani huwa kuna betri ndogo bapa ya volti 3, mviringo kama sarafu, imepachikwa kwenye bodi kuu. Kazi yake ni kuifanya saa iendelee kutembea hata mashine ikichomolewa kwenye umeme. Kompyuta nyingi tunazonunua zimeshatumika miaka kadhaa ng'ambo kabla hazijatufikia, na betri hiyo huwa imekwisha nguvu. Umeme ukikatika usiku, asubuhi mashine inaamka ikiwa imerudi nyuma miaka. Sasa, tovuti unayoingia kwa nenosiri hujitambulisha kwanza kwa cheti cha kidijitali chenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha. Kompyuta inayoamini kwamba bado ni 2016 ikikipokea cheti cha mwaka huu, inaona muda wake haujaanza, na inakikataa. Mazungumzo yanakatika kabla nenosiri halijaondoka mezani kwako. Masasisho nayo hupita njia hiyo hiyo. Kwa hiyo kabla hujabadilisha nenosiri, na kabla hujalipa mtu akupigie Windows upya, tazama tarehe. Betri hizi zinapatikana hata kwa mafundi wa saa.

Kuna jambo linaniumiza katika kazi hii. Mafundi wenzangu wengi, mteja akilalamika kwamba sasisho limemmalizia bando, huzima huduma nzima ya masasisho, na mteja huondoka akishukuru. Siwezi kukubaliana nao. Mnamo Machi 14, 2017, Microsoft ilitoa kiraka cha kuziba tundu katika Windows. Mei 12 mwaka huo huo, kirusi kilichoitwa WannaCry kilipita katika tundu hilo na kufunga mafaili ya watu katika nchi zaidi ya 150. Huko Uingereza hospitali ziliahirisha miadi ya wagonjwa. Dawa ilikuwa imeshatoka karibu miezi miwili kabla. Walioumia ni wale ambao mashine zao hazikuwa zimeinywa.

Lakini malalamiko ya bando ni ya haki, na yana sababu yake. Kompyuta inapounganishwa na intaneti ya simu yako, mara nyingi inaiona kama Wi-Fi ya kawaida tu, kana kwamba unalipa kwa mwezi na kutumia utakavyo. Haijui kwamba umenunua gigabaiti 2 za wiki. Inabidi uiambie. Katika mipangilio ya Windows, ukifungua sifa za mtandao uliounganishwa nao, kuna swichi ya kuitambulisha intaneti hiyo kuwa ni ya kulipiwa kwa kipimo. Ukishaiwasha, masasisho mengi husubiri. Siku ukiwa mahali penye intaneti ya kutosha, unaunganisha na kuyaacha yashuke.

Siku ya masasisho kutoka inajulikana. Tangu 2003 Microsoft hutoa viraka vyake vya kila mwezi Jumanne ya pili, saa 4 asubuhi kwa saa za jimbo la Washington, ambapo kwetu ni saa 2 au saa 3 usiku kufuatana na msimu wao. Ndiyo maana Jumatano asubuhi, duka likiwa limejaa, mashine inaanza kuomba kuzimwa na kuwashwa upya. Mwenye steshenari akiijua ratiba hiyo, anaweza kuyaahirisha masasisho hadi siku 35, kisha akachagua Jumapili moja yenye umeme wa uhakika. Kompyuta ya mezani isiyo na betri ya akiba ikizimikiwa katikati ya sasisho, mara nyingi hujirudisha ilivyokuwa, ila si kila mara.

Upande wa akaunti ndiko ninakoona watu wakipoteza kazi za miaka. Windows 11 ya nyumbani, ukiifungua mara ya kwanza, hukutaka uwe na intaneti na akaunti ya Microsoft. Muuzaji mwenye haraka huiunda pale pale dukani kwa barua pepe ya kubuni na namba yake mwenyewe ya simu, kisha anakuwekea namba fupi ya siri ya kuingilia. Hiyo namba fupi si nenosiri la akaunti; imefungwa kwenye mashine hiyo moja tu. Unaitumia miaka mitatu bila shida, na akaunti iliyo nyuma yake huijui.

Wakati huo huo, katika kompyuta nyingi mpya, diski husimbwa yenyewe mara unapoingia kwa akaunti hiyo. Ni ulinzi mzuri: mwizi akichomoa diski hasomi kitu. Ila ukibadilishiwa bodi, au wakati mwingine baada tu ya sasisho la programu ya ndani ya mashine, skrini ya buluu hutokea ikidai ufunguo wa tarakimu 48. Ufunguo umehifadhiwa kwenye akaunti. Msimbo wa kukuruhusu kuingia kwenye akaunti unatumwa kwenye laini ya muuzaji, au laini yako ya zamani ambayo sasa ni ya mtu mwingine. Ukiomba kubadilisha taarifa zote za usalama, Microsoft inakuwekea siku 30 za kusubiri. Na ufunguo ukipotea, kampuni yenyewe haiwezi kuutengeneza upya.

Wiki iliyofuata Mwalimu alirudi na kompyuta mpakato ya mjukuu wake anayeanza chuo, nzima, haina tatizo lolote. Tulifungua akaunti, tukatoa namba ya simu isiyokuwa yao, tukaweka yake na ya mjukuu. Kisha nikauleta ufunguo kwenye skrini: mafungu manane ya tarakimu sita sita. Alitoa daftari gumu, akavaa miwani, akayaandika kwa mwandiko wa ubaoni, fungu moja kila mstari. Alipomaliza akanigeuzia daftari. "Soma wewe, mimi nitazame skrini." Fungu la tano alikuwa ameandika 7 mahali pa 1. Akalikata, akaliandika upya, tukaanza tena kutoka juu.