Kushuka lori kwenye foleni ya Tunduma

Sakafu ya kichwa cha lori la masafa marefu iko juu ya ardhi kwa mita moja na robo hivi, wakati mwingine zaidi, na kati yake na ardhi kuna vikanyagio viwili au vitatu tu. Anayejirusha kutoka kimo hicho hugusa chini akiwa na mwendo wa karibu kilometa 18 kwa saa. Anayeporomoka kutoka juu ya mzigo, mita 4, hufika kwa zaidi ya kilometa 30. Kifundo cha mguu, goti na kiuno ndivyo hupokea kishindo hicho, na dereva anayejirusha kila siku huanza kulalamikia mgongo kabla hata uzee haujabisha hodi.

Tunduma, mkoani Songwe, kupanda na kushuka ni nusu ya kazi. Hapo barabara kuu itokayo Dar es Salaam, zaidi ya kilometa 900, huvuka kuingia Nakonde, Zambia. Kituo cha Huduma kwa Pamoja Mpakani, kilichozinduliwa 2019, kiliwaweka maofisa wa nchi zote mbili chini ya paa moja, lakini foleni haikuisha. Humo kwenye foleni dereva hushuka kufuata nyaraka, kukagua sili, kugonga matairi, kununua chai. Huteremka baada ya saa nyingi za kukaa, miguu ina ganzi, na mara nyingi amevaa ndala.

Kupanda hakuna shida sana, kwa sababu mtu huona anapokanyaga. Wengi huumia wakati wa kushuka. Namna iliyo salama ni kushuka kama anayeteremka ngazi ya ukutani: uso ukielekea gari, mgongo ukielekea nje. Kila wakati viungo vitatu viwe vimeshika au vimekanyaga, yaani mikono miwili na mguu mmoja, au miguu miwili na mkono mmoja. Kishikio ni kile cha chuma kilichofungwa kwenye bodi. Mlango si kishikio, kwa kuwa hufunguka ukaenda na aliyeushika. Usukani nao huzunguka. Bahasha ya nyaraka, simu na chupa ya chai hubaki kwenye kiti, kisha huchukuliwa mtu akiwa tayari amesimama chini. Nani lakini huacha simu?

Kuna hatari nyingine ambayo watu wa Tunduma wanaijua vizuri. Magari huendeshwa upande wa kushoto, kwa hiyo mlango wa dereva hufungukia katikati ya barabara, palepale bodaboda zinapopenya kati ya foleni mbili. Kioo cha pembeni kitazamwe kwanza, mlango ufunguliwe taratibu, na mguu wa mwisho usiteremke kabla ya kutazama tena. Msimu wa mvua, tope la maegesho hupanda na viatu hadi kwenye kikanyagio. Likichanganyika na dizeli iliyomwagika, chuma huteleza kama sabuni. Kitambaa kikavu mlangoni hutosha kukifuta.

Juu ya tela mambo hubadilika kulingana na mzigo. Shaba inayoshuka kutoka Zambia na Kongo ni nzito, hivyo tela hufikia uzito wake kabla ya kujaa; mzigo hukaa chini, na anayetembea juu yake hujikwaa kwenye mikanda iliyoufunga. Magunia ya salfa au mbolea yanayopanda kwenda huko hupangwa juu sana chini ya turubai, na hapo utingo ndiye yumo hatarini zaidi. Mtazame anavyokaza kamba: amesimama ukingoni, mgongo ukielekea hewani, anavuta kwa nguvu zake zote kuelekea kwake. Kamba ikikatika au fundo likiachia, nguvu hiyohiyo humtupa nyuma. Kamba ivutwe kutoka ardhini kila inapowezekana. Kama ni lazima kuwa juu, asimame katikati ya mzigo, na apande kwa ngazi iliyoshikwa na mtu, si kwa kukanyaga tairi.

Tairi lina sababu yake. Foleni ikisogea mita kumi, dereva wa nyuma hupiga honi, na wa mbele huwasha gari kabla ya kukumbuka kwamba kuna mtu juu. Dawa yake ni rahisi: anayepanda huenda na ufunguo mfukoni, breki ya mkono ikiwa imevutwa.

Aliyeanguka kutoka juu na kulalamikia shingo au mgongo, au asiyehisi miguu, hainuliwi kwa kushikwa makwapa na kuketishwa, ingawa wapita njia hukimbilia kufanya hivyo. Huachwa alivyo, akifunikwa nguo, kichwa kikishikwa kisigeuke, na magari ya nyuma yakizuiwa, hadi wahudumu wa afya wafike.