Je, Wajua? Tairi Lina Tarehe ya Kuzaliwa

Umri wa tairi umechapwa ubavuni mwake. Ni tarakimu nne za mwisho kwenye mstari unaoanza na DOT: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Zisipoonekana, huenda ziko ubavu wa pili.

Mpira huzeeka hata ukiwa stoo. Michelin hushauri tairi lililofikisha miaka 10 tangu kutengenezwa libadilishwe, hata kama kashata bado nzima.

Kashata nazo zina kipimo: vinundu vidogo ndani ya mifereji. Zikichakaa hadi kulingana navyo, zimebaki milimita 1.6, kikomo cha kisheria Uingereza.

Duka linaloanika matairi juani na kuyapaka dawa yang'ae? Mnunuzi mjanja huinama kwanza, akasoma tarakimu.