Okidi ikimaliza kuchanua: kukauka si kuoza



Mwaka jana, mwezi wa tisa, mama mkwe wangu alisafiri Bujumbura kumsaidia binti yake aliyejifungua. Aliniachia funguo za nyumba na chungu kimoja cha ua. Akasema: "Funguo zikipotea tutachongesha zingine. Lakini ua hili, mwanangu, unitunzie."

Lilikuwa okidi ya aina ile ambayo ua lake lina mfuko mbele, kama ndara. Wataalamu wanaiita Paphiopedilum. Asili yake ni Asia, kuanzia India mpaka Vietnam na Indonesia, na nyingi huota chini ya miti, katika majani yaliyooza. Watu waling'oa nyingi sana msituni, hata leo aina zake zote zimo katika orodha ya kwanza ya mkataba wa CITES, ile yenye ulinzi mkali kuliko zote. Nilijua kwamba nikiiua sitapata nyingine sokoni Kadutu.

Ua lilikuwa limekwisha kuanguka. Baada ya siku chache majani ya chini yakaanza kuwa manjano. Nikaona ina kiu. Kila jioni nikitoka shuleni niliimwagia maji, tena nikaisogeza ukingoni mwa barza ili mvua ya mabati iifikie. Juma la tatu nilishika jani la katikati, likabaki mkononi mwangu. Shina lilikuwa jeusi, laini, na harufu yake kama mihogo iliyolowekwa kupita siku zake.

Nilimwita mwalimu mwenzangu aliyesomea kilimo. Akatazama, akasema: "Yale majani ya manjano yalikuwa yanakufa kwa wakati wake. Haya yaliyooza umeyaua wewe kwa maji."

Alinieleza kwa mfano ambao kila mama wa Kivu anaujua. Mgomba huzaa mkungu mmoja, kisha shina lile linakufa na machipukizi yanashika nafasi. Okidi hii ni hivyo hivyo. Kila fungu la majani huchanua mara moja tu. Baadaye linaishi bado miezi mingi, hata zaidi ya mwaka, likilisha machipukizi yaliyo pembeni, na polepole linakauka. Usiharakishe kulikata likiwa bado kijani.

Basi tutofautishe. Kukauka huanza na majani ya chini, yale ya zamani. Huenda polepole, na jani huwa kavu kama karatasi. Kuoza huanza moyoni au kwenye shina, huenda kwa siku chache, na mahali pake ni laini, penye maji na harufu mbaya. Kuoza hakungoji Jumamosi: ukikuona, shughulika siku ile ile.

Sisi tulifanya hivi:

1. Tuliitenga na maua mengine, kwa sababu matone ya maji hubeba ugonjwa.

2. Tuliitoa chunguni na kuosha mizizi. Msidanganyike hapa: mzizi mzima wa okidi hii ni wa kahawia, mgumu, wenye manyoya. Uliooza ni laini au mtupu ndani. Ukiuvuta, ganda linatoka na kubaki uzi.

3. Tulikata kila kilichooza mpaka tukafikia sehemu safi. Kisu tulikipitisha kwenye moto wa babula kabla ya kila mkato, kisha tukakiacha kipoe.

4. Tulipaka unga wa mdalasini kwenye vidonda vya shina, siyo kwenye mizizi, maana unaikausha.

5. Tuliiacha kivulini usiku mmoja ikauke.

6. Tuliipanda upya katika chungu chenye matundu, ndani ya vipande vya maganda ya msonobari, makala yaliyovunjwa kama maharage, na vijiwe vyepesi vya volkano kutoka Goma. Udongo wa shamba hapana, unaziba hewa. Tulingoja siku tatu kabla ya kutia maji.

Tangu hapo ninatia maji asubuhi tu, pembeni mwa chungu, ili usiku usikute maji moyoni mwa majani. Lakini pia siiachi ikauke kabisa, kwa sababu haina vimbe vya kuhifadhi maji kama okidi nyingine. Maganda yale nayo huoza. Baada ya mwaka mmoja au miwili yanabadilishwa.

Kati ya mafungu matatu, mawili yalipona. Hatukuyatenganisha, kwa sababu okidi hii hupata nguvu ikiwa pamoja.

Mama mkwe alirudi mwezi wa kumi na mbili. Nilimweleza yote kabla hajafika barzani, moyo ukinidunda. Aliinama, akagusa chipukizi kwa kidole, akakaa kimya kidogo. Kisha akasema: "Ya kwanza niliyopewa niliiua hivyo hivyo. Mimi sikuwa na mtu wa kuniambia."

Ndiyo maana nimewaandikia. Mama mwenye okidi nyumbani leo aende aangalie moyo wa majani yake. Akikuta maji yametuama, ayafyonze kwa kitambaa safi kabla ya jua kuzama.